"Nyimbo zako mwenyewe tu": sharti lililomwacha nje mwenye ligombo

Tangazo lilikuwa karatasi moja ya A4, imebandikwa kwenye nguzo ya umeme karibu na stendi ya Mafinga, na nyingine kama hiyo mlangoni mwa duka la vifaa vya simu. Lilisema kutakuwa na usiku wa watunzi wa nyimbo kutoka Iringa, Njombe, Mbeya na Songwe, kiingilio shilingi 3,000. Chini kabisa, kwa herufi kubwa kuliko jina la ukumbi: NYIMBO ZAKO MWENYEWE TU. KOPI HAIRUHUSIWI.

Nilikwenda, nikiwa na koti zito na kofia ya sufu, maana baridi ya Mafinga mwezi wa sita haina mchezo na mtu. Nikakaa hadi fundi mitambo alipoanza kukunja nyaya. Tangu siku hiyo nabishana na ule mstari wa chini wa tangazo. Naupenda, niseme mapema, na nitautetea. Lakini ulifanya jambo moja ambalo mpaka leo halijanishuka kooni.

Mchana wake kulikuwa na usaili wa kupanga nani apande jukwaani. Akaja kijana mmoja na biti kwenye simu. Biti yenyewe aliipakua mtandaoni bila kulipa, imetengenezwa na prodyuza ambaye hamjui jina wala nchi. Juu yake alikuwa ameweka mistari yake kuhusu malori ya mbao yanayotoka msitu wa Sao Hill, na mistari ilikuwa mizuri kweli. Akapita. Baada yake akaingia mzee kutoka upande wa Kilolo, mkononi ana ligombo. Kwa wasiolijua, ligombo ni kinanda cha Wahehe: ubao uliochongwa ukawa kama sinia refu lenye kina kidogo, uzi mmoja unaokwenda na kurudi juu yake mara kadhaa, na kibuyu cha kukuza sauti. Mzee akapiga, akaimba. Wakamuuliza kama wimbo ule ameutunga mwenyewe. Akajibu bila kuficha kwamba sauti aliikuta kwa baba yake, maneno ni ya kwake, na mengine ndiyo kwanza anayatia pale pale. Mwenye daftari akaandika kwamba wimbo si wake. Hakupangwa.

Yaani kijana ambaye ala zake zote zimepigwa na mgeni akahesabiwa mtunzi, na mzee anayepiga kwa vidole vyake akahesabiwa mtu wa kopi.

Kabla sijawasema waandaaji, niwatetee. Mwanamuziki wa mji mdogo analipwa ili aimbe nyimbo za watu. Harusini mshereheshaji ndiye anayeagiza: sasa wimbo wa kuingilia bibi harusi, sasa wa keki, sasa wa kufungua muziki, na zote ni zile zinazosikika redioni wiki hiyo. Kwenye baa ni bolingo za zamani kwa wazee na Bongo Fleva kwa vijana. Mtu anaweza kupiga kinanda Mafinga, Makambako au Tukuyu miaka 10 na asiulizwe hata siku moja, "Wewe una wimbo wako?" Sharti la kopi hairuhusiwi linamlazimisha aulizwe swali hilo. Nilimwona jamaa mmoja ninayemfahamu kwa kupiga gitaa harusini, hodari wa kuigiza solo yoyote unayomtajia, akitetemeka kama mtoto wa kipaimara alipotangazwa kuimba wimbo wake. Alikosea ubeti wa pili. Wimbo ulikuwa wa mama aliyeuza shamba la miti kabla halijakomaa ili mwana asome. Sijawahi kusikia wimbo juu ya jambo hilo, na katika ukumbi ule kila mtu ana ndugu aliyeuza miti michanga.

Ukitazama nyuma utaona pia kwamba sharti hili lina babu yake. Katika enzi ya redio moja, kabla ya vituo binafsi kama Radio One kuanza miaka ya 1990, bendi iliyotaka kusikika nchi nzima ilikuwa na mlango mmoja tu, Radio Tanzania Dar es Salaam, na pale ilirekodiwa kwa nyimbo ilizozitunga yenyewe. Mtangazaji aliposoma jina la bendi, mara nyingi alitaja na mtunzi. Ule mlango mwembamba ndio uliotupatia hazina ya nyimbo za dansi tunazoringia leo, za wivu, za kodi ya nyumba, za ukulima, za kifo cha rafiki. Kwa hiyo anayesema mtunzi hawezi kuzaliwa kwa amri ya mwandaaji, aseme polepole.

Ila historia hiyo hiyo ina upande ambao watetezi hawausimulii. Bendi hizo hizo, zikishatoka kurekodi, usiku zilirudi ukumbini na kupiga nyimbo za Kikongo hadi alfajiri, kwa sababu hizo ndizo zilizojaza ukumbi. Kopi ililipa mishahara, na kopi ndiyo iliyokuwa chuo. Hakuna mpiga solo wa kizazi kile ambaye hakukaa na sahani ya santuri akirudisha sindano nyuma mara 40 ili amwibie Mkongo kipande kimoja. Ukimwambia kijana wa leo kwamba kopi ni dhambi, umemfungia shule aliyosoma kila mkubwa wake.

Halafu kuna ukumbi. Usiku ule haukujaa. Watu walikuwa wanatoka kwenda barazani kila wimbo wa tatu hivi, wanasimama na mishikaki, wanarudi wakisikia makofi. Sikuwalaumu sana. Kusikiliza nyimbo 14 ambazo hujawahi kuzisikia, zote kwa mfululizo, kwa spika moja iliyopasuka, ni kazi. Mtu aliyetoa 3,000 yake kwenye mji ambao kibarua cha siku kinaijua thamani ya 3,000 ana haki ya kutaka angalau wimbo mmoja wa kuitikia. Wanaopinga sharti wanapendekeza jambo la kawaida kabisa: kila msanii aanze na wimbo unaojulikana, ukumbi upate moto, kisha aweke wa kwake.

Hapo ndipo mimi naachana nao. Nimeliona likifanyika kwingine, na kila mara wimbo wa pili ulifika jukwaani ukiwa umeshapigwa na wa kwanza. Wimbo unaojulikana huja na kumbukumbu za watu, huja na ukumbi mzima ukiuimba. Wa kwako huja peke yake. Ukiuweka mara baada ya ule mkubwa, watu wanashukuru wamepata nafasi ya kwenda chooni.

Na kopi si ya bure hata kama tunaichukulia hivyo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inampa mtunzi haki ya kuamua nani aifanye kazi yake hadharani, na haki hiyo inadumu miaka 50 baada ya kifo chake. Mwandaaji anayetoza kiingilio na kupigisha nyimbo za watu anapaswa kuwa na kibali kwa mujibu wa taratibu za COSOTA, ofisi ya serikali inayosimamia hakimiliki. Wangapi katika miji yetu wanajisumbua nacho, msomaji anaweza kukisia. Kwa maana hiyo sharti la nyimbo zako mwenyewe lina faida moja ya kimya kimya ambayo haiandikwi kwenye tangazo: linapunguza gharama na linaepusha kesi.

Linaepusha kweli? Turudi kwa yule kijana wa biti. Biti nyingi zinazotajwa mtandaoni kuwa za bure ni za bure kwa kujaribia tu. Mtengenezaji anakuruhusu uandikie mistari, umwonyeshe rafiki, lakini siku ukiingiza hela anataka uinunue leseni. Kijana hakuwa na habari hiyo, na mwenye daftari hakumuuliza. Ukumbi uliotoza kiingilio ukapigisha kazi ya mtu asiyejulikana, mbele ya hadhira, chini ya tangazo linalosema kopi hairuhusiwi. Kwa jicho la sheria, aliyebeba hatari usiku ule ni kijana, kuliko hata angekuja yule mzee.

Mzee yeye angeshitakiwa na nani? Sheria hiyo hiyo ya 1999 ina sehemu inayozungumzia sanaa za jadi, kazi ambazo zimekulia ndani ya jamii na hazina mtunzi mmoja wa kumwonyesha kwa kidole. Melodi ya ligombo aliyoikuta kwa baba yake ama ni ya namna hiyo, ama ni ya baba yake, ambaye yeye ni mrithi wake. Vyovyote vile, wimbo alioimba siku ile haukuwahi kuimbwa, kwa sababu nusu ya maneno yake ilikuwa haijakuwepo dakika tano kabla. Nilikuwa nimekaa karibu na mlango nikamsikia akimtia mwenye daftari mwenyewe ndani ya wimbo, kwa Kihehe, na akina mama waliokuwa wakifagia wakacheka hadi mmoja akaegemea fagio. Kama huo si utunzi, sijui utunzi ni nini.

Hivyo ndivyo nyimbo zilivyotungwa huku siku zote. Kwenye klabu ya ulanzi, pombe ya mianzi, msimu wa mvua, msibani, kwenye ngoma, melodi ni ya wote kama kisima. Kinachokufanya mtunzi ni unachokichota. Hukwe Zawose wa Dodoma, aliyefariki 2003, aliizunguka dunia na zeze na ilimba (kinanda cha vidole gumba) za Wagogo, na sijasikia popote kwamba alizuiwa mlangoni kwa sababu mapigo aliyakuta kwa wazazi. Mwaka 1950 Hugh Tracey alipita Tanganyika na mashine yake ya kurekodi, akachukua sauti za Wahehe pamoja na za makabila mengine, na kazi zake zimehifadhiwa katika maktaba ya muziki aliyoianzisha Afrika Kusini 1954. Mtu wa Iringa anayetaka kusikia mababu zake wakiimba anaweza kuandika barua huko. Anayetaka kumsikia mjukuu wao akiimba Mafinga, siku ile alitakiwa akae barazani.

Lakini naielewa hofu ya waandaaji, na nisipoieleza nitakuwa nawaonea. Ukikubali melodi ya zamani kwa maneno mapya, kesho atakuja mtu na wimbo unaotamba wiki hii, amebadilisha jina la msichana, aseme naye ametunga. Tunawajua. Msimu wa kampeni kila wimbo mkubwa hugeuzwa wa chama, na kwaya nazo hazijambo: nimesikia sebene nzima ikiokoka kati ya Jumamosi na Jumapili. Mwandaaji mwenye watu 30 wa kusikiliza mchana mmoja anataka kanuni fupi. "Vyote viwe vyako" ni kanuni fupi.

Tofauti ninayoiona mimi ni hii: je, yupo mtu wa kuombwa ruhusa? Melodi ya wimbo unaotamba ina mwenyewe, anakula kwayo, ana simu, ana meneja. Melodi ya ligombo ya kijiji kizima haina mlango wa kubisha. Ya kwanza ukiichukua umemchukulia mtu. Ya pili ukiichukua umefanya walichofanya wote waliokutangulia. Nakiri kwamba kwa mtu asiyekijua kijiji husika, dakika kumi za usaili hazitoshi kuzitenganisha, na ndiyo maana mwenye daftari asiwe mgeni aliyeletwa kwa sababu ana kompyuta.

Kanisani jambo hili limeshazoeleka. Mwaka 1966 mchungaji Bernard Kyamanywa wa Kagera aliandika maneno ya Pasaka juu ya melodi ya asili, na wimbo huo leo uko katika vitabu vya nyimbo vya makanisa ya Ulaya na Marekani, jina lake kama mtunzi wa maneno, na melodi ikitajwa kuwa ya Kitanzania. Hakuna aliyepungukiwa kitu.

Na nikishataja kanisa, niseme nilichokikosa zaidi usiku ule. Wamoravian na Walutheri wa Berlin walifika Unyakyusa 1891, na tangu hapo nyanda hizi zimekuwa nchi ya kwaya. Mwalimu wa kwaya wa kawaida, wa Rungwe, wa Mufindi, wa Njombe, anatunga bila kupumzika: wimbo wa mavuno, wa kuaga mchungaji anayehamishwa, wa harusi ya mwanakwaya, wa jeneza. Anaandika kwa solfa kwenye daftari la shule, anagawa sauti nne, anafundisha siku tatu, unaimbwa, anaanza mwingine. Kama unatafuta watunzi katika mji wa nyanda za juu na hukuanzia kwenye mazoezi ya kwaya siku ya Alhamisi jioni, umetafuta maji ukauacha mto. Usiku ule nilimhesabu mmoja tu, naye alikuja kwa sababu mwandaaji ni mpwa wake.

Kwa nini hawakuja? Sababu moja ni bia. Ukumbi unauza bia, na mzee wa kanisa ana macho. Sababu ya pili imo ndani ya sharti lenyewe. "Wako mwenyewe" ni lugha ngeni kwa mwalimu wa kwaya. Wimbo akishautoa ni wa kwaya. Kwenye kava la albamu litaandikwa jina la kwaya na la usharika, na yeye akibahatika atasomeka kwa herufi za mchwa. Wapo wanaosema ndiyo adabu ya kazi ya Mungu. Mimi naona adabu hiyo imewafaidisha zaidi wenye studio na wauza DVD kuliko ilivyomfaidisha Mungu, ila namheshimu mwalimu ambaye hataki kusimama peke yake chini ya taa akisema huu ni wangu. Usiku wa watunzi ungeweza kumpokea na kwaya yake yote, na mshereheshaji akataja mtunzi kama redio ilivyokuwa ikifanya.

Kuhusu lugha nitasema kidogo. Nilihesabu nyimbo tatu za mapenzi zilizokuwa na bahari, ufukwe na upepo wa mnazi. Kutoka Mafinga hadi pwani ni safari ya kutwa nzima kwa basi. Ufukwe wa jirani ni Matema, Ziwa Nyasa, na hakuna aliyeutaja. Kwa kanuni ya tangazo nyimbo hizo zilikuwa halisi asilimia 100. Kwa sikio langu zilikuwa kopi kuliko ya mzee, maana mtunzi aliazima hata alichokiona. Upande wa pili, dada mmoja kutoka Tukuyu aliimba wimbo mzima kwa Kinyakyusa, sauti kama kengele, na ukumbi wa Wahehe na Wabena ukampigia makofi ya heshima kama anayopigiwa mgeni rasmi. Alisema "ndaga fijo", yaani asante sana, akashuka. Kiswahili ndicho kingemfikisha kwa watu wale. Yeye anajua hivyo kuliko mimi, na bado alichagua alivyochagua. Kuna siku mtunzi anaimba ili asikike, na kuna siku anaimba ili asipotee.

Wapo pia wanaopima usiku kama huu kwa swali la nani atatoka. Raymond Mwakyusa, Rayvanny, alizaliwa Mbeya. Jina lake lilikulia Dar es Salaam, na 2017 akachukua tuzo ya BET. Ni kweli, na ni vizuri. Lakini ukumbi wa Mafinga ukijipima kwa wanaoondoka, utakuwa stendi nyingine tu, na stendi tayari tunayo.

Kama ningeulizwa, ningeazima sharti kutoka Zanzibar. Tamasha la Sauti za Busara, lililoanza 2004, kwa miaka mingi limejulikana kwa kudai muziki upigwe laivu, bila pleibeki. Pale swali kubwa ni kama unafanya kazi mbele yetu. Sharti hilo lingempitisha mzee bila mjadala. Lingemwumiza kijana wa biti, nalijua hilo, na sifurahii: gitaa ni ghali, mwalimu hayupo, na simu ndiyo studio yake pekee. Kuna mtu ataniambia nimemwondoa maskini mmoja ili nimwingize mwingine. Ana haki ya kuniambia. Ninachoweza kujibu ni kwamba mjini Mafinga wapiga gitaa wa harusini wapo, Jumamosi jioni wana kazi lakini Jumanne hawana, na mistari ile ya malori ya Sao Hill ingekaa vizuri sana juu ya gitaa. Mwandaaji angeweza kuwakutanisha wiki mbili kabla. Hiyo ni kazi ya mwandaaji kuliko kubandika makaratasi.

Nasikia wanapanga usiku mwingine kabla ya mvua za mwisho wa mwaka, na fomu ya usaili inaandikwa upya. Iliyopita ilikuwa na swali moja, "Wimbo ni wako? Ndiyo/Hapana". Nimewapelekea mapendekezo yangu kwa ujumbe wa simu: liondoke hilo, yaingie mawili. Maneno katunga nani? Sauti imetoka wapi? Na chini yake nafasi ya kutosha kuandika, maana ya mzee wa Kilolo haitaenea kwenye mstari mmoja, na ya kijana wa biti itabidi aende kwanza akaitafute.